Vyuma Kwenye Pindo la Kigauni

Fundi mapazia alikuwa mtu wa vipimo. Dirisha lako angelitupia jicho mara moja akakutajia mita za kitambaa, na asikosee. Kilichomtoa jasho ni kitoto cha mwaka na miezi minane, kilo nane kasoro, alichopewa akilee kwa majaribio ya miezi sita kabla mahakama haijamkabidhi moja kwa moja. Majirani walimwita Punje, na jina likamganda.

Punje hakuwa na ugonjwa wowote, ila kwenye kula alikuwa mkaidi wa kutupwa. Uji aliuficha shavuni mpaka ukapoa, ndizi aliipaka ukutani, kijiko akikiona anafumba mdomo na kugeukia pembeni. Alichokipenda ni kimoja tu: lishe ya pakiti ya kliniki, tamu, ya karanga. Hiyo aliilamba mpaka karatasi yake.

Miezi mitatu mizani haikusogea. Afisa ustawi, mama mpole wa sauti ya chini, alisema mwezi ujao akikuta kadi ya kliniki iko vilevile, itabidi wazungumze kama nyumba ile inamfaa mtoto. Mume wa fundi akamwambia asijitie presha, mtoto atanenepa tu. Wanaume bwana, kwao kila kitu "kitakuwa".

Basi akafanya alichokijua. Mapazia mazito hushonewa vyuma vidogo kwenye pindo ili yaning'inie sawa. Alivishona kwenye kigauni cha Punje, kimoja baada ya kingine, kwa mshono ambao hata fundi mwenzake asingeushuku.

Siku ya kliniki kulikuwa na baridi, nesi akasema mtoto abaki na kigauni chake. Kilo nane na nusu. Mstari wa kadi ukapanda, na fundi akatabasamu huku kijasho chembamba kikimtoka.

"Hongera, mama," nesi alisema. "Sasa tunamtoa kwenye pakiti. Kuna wenzake wana shida zaidi."

Fundi akapiga hesabu. Akinyamaza, mtoto analala njaa, na mwezi ujao itabidi vyuma viongezwe. Akisema, yeye ni mwongo, na mwongo hapewi mtoto. Alijiona mjinga, na aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Alimbeba Punje akaelekea mlangoni. Walipolipita boksi la pakiti, Punje alilinyooshea mkono akafungua mdomo, wazi kabisa, akingoja.

Fundi akarudi. Alimvua kigauni, akakiweka mezani, vyuma vikagonga mbao.

"Mpime tena, dada."

Kilo nane kasoro. Nesi alikipapasa kigauni kwa muda, bila kumtazama.

"Hili lazima niliandike kwa ustawi, mama."

"Andika. Ila pakiti zake mpe."

Nesi akampa pakiti, kisha akachukua kalamu. Fundi alikaa kwenye benchi, akamfunika Punje kwa kanga yake na kumlisha, huku anaisikiliza kalamu ikiandika. Iliandika kwa muda mrefu.