Grini ya Kando ya Chania

Kabla serikali ya Wazungu haijatangaza Hali ya Hatari nilikuwa nikichuma kahawa katika shamba moja upande wa Ruiru. Mume wangu alipokamatwa na kupelekwa kizuizini, mimi, mama yake na watoto tulihamishiwa kijiji kipya karibu na Thika, nyumba zimebanana na handaki limezunguka. Ng'ambo ya bonde palikuwa na uwanja wa gofu wa Wazungu. Wanaume wengi waliofanya kazi pale walikuwa wamechukuliwa pia, kwa hiyo nyapara akaja langoni kutafuta wanawake. Alikuwa Mkamba wa makamo, askari wa zamani, asiye na maneno mengi. Alitutazama mikono, si sura, nami nikawa miongoni mwa aliowachukua.

Jioni nilimweleza mama mkwe wangu, ambaye nilimwita maitu kama mwanawe alivyomwita.

"Mnatunza nyasi?"

"Ndiyo, maitu."

"Za ng'ombe wa nani?"

"Si za ng'ombe. Watu wanachezea mpira mdogo juu yake."

Aliendelea kumenya viazi.

Siku hizo sehemu zenye mashimo na bendera hazikuwa na nyasi. Zilikuwa duara za mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, nasi tulizilainisha kwa kuburuta gunia kila wachezaji walipopita. Kisha Mzungu msimamizi akataka ile ya kando ya mto Chania iwe ya nyasi. Aliiita grini, nasi tukaiita hivyo. Tulitoa mchanga, tukajaza udongo mwekundu na samadi iliyooza, na mvua ya njahi, ile ndefu ya mwezi wa tatu, ilipoanza tukapanda vipande vya nyasi kimoja kimoja, tumepiga magoti juu ya magunia.

Vyote vilikufa. Nyapara alichimba kwa kisu, akanusa udongo. Oili ilikuwa imezama chini kuliko tulivyodhani.

"Tuanze tena," akasema, akashika jembe yeye mwenyewe.

Safari hii tulichimba hadi shimo likatufika magotini. Nyasi zikashika, lakini baridi ya mwezi wa saba ilipoingia na jua likapotea, ziligeuka njano, hazikufa wala hazikukua. Tuling'oa magugu tukangoja. Mvua ndogo za mwisho wa mwaka ndizo zilizozifunika vizuri. Halafu likaja jua la Januari. Tulibeba maji kutoka mtoni mgongoni, ukanda kichwani, asubuhi na jioni, na nikifika nyumbani maitu alinikanda shingo kwa mafuta.

"Maji hayo ungemwagia maharagwe," aliniambia mara moja.

Maharagwe yetu yalikuwa yamekauka, na unga tuliokula ulitoka kwenye nyasi zile. Niliudhika kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu nilikuwa nimeanza kuzipenda. Nilikuwa nikipita asubuhi nikiwa wa kwanza, naona umande haujakanyagwa, nazigusa kwa kiganja. Sikumwambia mtu.

Mwaka uliofuata, mvua za njahi zilipokolea, Wazungu walipanga mashindano ya Jumamosi. Ijumaa asubuhi tulikuta kiboko ametoka mtoni akapita katikati ya grini. Kila alipokanyaga palikuwa na shimo la kutosha kuweka sufuria, limejaa maji. Mzungu alikuja, akatazama, akavua kofia akaivaa tena.

"Itawezekana?" akamwuliza nyapara.

"Tutajaribu, bwana."

Tuligawana mashimo. Tulitoa matope, tukajaza udongo mkavu tuliouhifadhi bandani, tukaushindilia kwa ngumi, kisha tukaweka viraka vya nyasi tulivyokata kwenye kitalu. Nilikuwa nimeinama, mikono imezama hadi kwenye viwiko, mtu aliposimama ukingoni.

"Habari ya kazi, mama?"

"Nzuri," nikasema, bila kuinua kichwa. Watu walipita hapo kila siku.

"Nimeambiwa kijijini nikutafute huku."

Sauti niliijua kabla ya uso. Uso, kusema kweli, ningeupita njiani. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi, na koti alilovaa lilikuwa la mtu mnene. Wenzangu waliacha kazi. Mimi nilibaki nimepiga magoti nikimtazama.

Nyapara akasema, "Mama, nenda nyumbani."

"Nikimaliza hili," nikajibu. Hadi leo sijui kwa nini. Nafikiri niliogopa kutembea naye njia yote ile bila kujua la kusema.

Mume wangu aliweka kifurushi chake chini, akakunja mikono ya koti, akapiga magoti ng'ambo ya shimo.

"Nishindilie hapa?"

"Hapo. Si kwa nguvu sana."

Tulimaliza hilo, kisha lingine. Tulipokuwa tukiweka kiraka aliniuliza kama mama yake yu hai. Nikamwambia yuko, na watoto wako. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kushindilia, machozi yanamtoka bila sauti. Nilimwacha alie.

Mashindano yalichezwa. Baadaye nyapara alimpa mume wangu kazi ya kuchimba mitaro, lakini hakuvumilia kuitwa kwa filimbi, akaiacha akaenda kulima. Mimi niliendelea.

Jumamosi ile ya mashindano niliamka mapema kama kawaida. Mume wangu alikuwa bado amelala. Maitu alikuwa ameketi mlangoni, akiwazuia watoto wasipige kelele, nami nikapita kando yake nikashuka bondeni kwenda kazini.