Wakili wa Mama Kozue

Nilikuwa karani wa wakili Hisae Tsukuda kwa miaka kumi na minane, hapa Wakayama, Japani, na kesi iliyomzeesha ni ya Chinami Ogura.

Chinami alimkimbiza hospitali bintiye Kozue, wa miezi saba, akisema ameanguka chali sebuleni akijifunza kuketi. Madaktari wakakuta damu imevujia ndani ya kichwa, wakasema mtoto ametikiswa kwa nguvu. Alipopata nafuu alipelekwa makao ya watoto. Mama akatiwa mahabusu.

Mjini watu walimchukia Chinami, na chuki hiyo ikamfikia wakili wake. Hata mdogo wa Hisae alimpigia simu.

"Dada, na kama kweli alimtikisa?"

"Hilo la mahakama, mdogo wangu. Langu ni kuona hahukumiwi kabla halijathibitishwa."

Yaliyopita mahabusu alinisimulia Chinami mwenyewe baadaye. Siku ya kumi na mbili alimwambia Hisae, kupitia kioo kilichowatenga, kwamba amechoka. Askari walimweleza kuwa akikiri, huenda mtoto akarudi mapema.

"Nikisema nimemtikisa, nitambeba tena?"

"Ulimtikisa?"

"Hapana."

"Basi usiseme. Ipo siku atakua, asome ulichotia sahihi."

Chinami alipandwa na hasira, akamwambia yeye hajazaa, atajuaje. Ni kweli, Hisae hakujaliwa mtoto. Alisubiri mpaka mwenzake akamaliza kulia, kisha akamuuliza jinsi Kozue alivyozoea kulala, awaambie walezi. Chinami akasema hulala kwa ubavu wa kushoto, huku akipapaswa mgongo. Siku hiyohiyo Hisae alipiga simu makao, na mlezi mmoja akakubali kufanya hivyo kila jioni.

Tuliwaandikia madaktari kumi na mmoja kuomba wazisome picha za kichwa. Tisa walikataa, mmoja hakujibu. Wa mwisho, bingwa wa ubongo wa watoto, alikuja mahakamani akaeleza kwamba damu ya namna ile yaweza kutokana na kuanguka chali tu. Mwaka mmoja na nusu baada ya kukamatwa, Chinami aliachiwa huru.

Mtoto hakurudishwa siku ile. Walianza kwa kuonana nusu saa kwa wiki, pale makao, na Hisae akawa anakwenda naye. Mara ya kwanza Kozue, sasa wa miaka miwili na ushei, alijificha nyuma ya mlezi wake. Chinami akageuka aondoke.

"Kaa chini tu, mama," Hisae akamwambia. "Usimwite."

Akakaa. Wiki ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Ya nne, Kozue alimjia na kiatu kimoja mkononi, akamnyooshea mguu.

Hisae alitoka na macho mekundu, akanikuta barazani, akaniambia ana mafua.

Majira ya machipuko yaliyofuata, Kozue alirudi kwao.