Nilichukua Jina la Shangazi Bila Kuuliza

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mkono wangu wa kushoto ulianza kupiga wimbo ambao sikuwahi kufundishwa.

Wa kulia uliendelea na sonata kama kawaida. Wa kushoto ukachepuka. Polepole, kama mtu anayebembeleza.

Masœur Honorine, mtawa aliyekuwa mwalimu wangu wa piano, akashusha miwani.

"Mais, ni nini hiyo?"

"Sijui, Masœur."

"Hujui? Hiyo mikono ni ya jirani?"

Nikacheka kwa aibu. Lakini jasho lilikuwa linanitoka.

Ilikuwa Lubumbashi, mwaka 1973. Nilikuwa na miaka ishirini, ndiyo kwanza nimemaliza chuo cha ualimu. Zilibaki wiki tatu nipige tamasha langu la kwanza mbele ya mgeni kutoka Ubelgiji. Akinikubali, ningekwenda huko kusomea piano. Akinikataa, basi. Hakuna mgeni mwingine ambaye angekuja.

Kesho yake wimbo ukarudi. Na keshokutwa.

Kisha likaja jambo jingine. Kila wimbo ulipoanza nilihisi mtu amekaa nyuma yangu, karibu kabisa, kifua chake kimegusa mgongo wangu. Nageuka, hakuna mtu. Joto tu.

Nikamweleza baba. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kampuni ya shaba, mtu wa maneno machache.

"Imba nisikie," akasema.

Nikaimba. Kijiko chake cha uji kikabaki hewani.

"Ni ile jina," akasema. "Ulikamata jina ya mufu bila kuuliza. Sasa mwenyewe amekuja."

Niwaeleze. Mwaka mmoja nyuma, serikali iliamuru majina ya Kizungu yaachwe, kila mtu atafute la mababu. Mimi nilikuwa Madeleine. Nilifika ofisini sijajiandaa, foleni ndefu nyuma yangu, karani amevaa abacost, lile koti la serikali, iliyombana shingo.

"Citoyenne, mwananchi, jina?"

Nikababaika.

"Ya babu, ya nyanya, ya mbuzi, yoyote! Bantu banangoja!"

Likanitoka: "Chileshe."

Lilikuwa jina la dada yake baba. Tuliambiwa alifia ng'ambo ya mpaka nikiwa na miaka minne. Kwetu jina la marehemu haliokotwi hivi hivi. Wazee wanaketi, wanamwaga unga mweupe, wanamwomba mwenyewe. Mimi nililiokota kwenye foleni.

"Hiyo piano uiache," baba akasema. "Tutarudisha jina. Asipotoka, atakumaliza."

Sikubishana. Mimi si mtu wa kubishana. Niliingia jikoni nikalia juu ya beseni la sombe, majani ya muhogo.

Mama alinifuata. Akafungua pindo la kitenge, akanipa nauli.

"Enda Mokambo. Mu soko, uliza mama wa chumvi. Baba yako asijue."

"Ni mganga?"

"Enda tu, mwanangu."

Nilipanda lori la unga. Mokambo ni mpakani, nusu ya soko ni watu wa Zambia. Mama wa chumvi nilimpata chini ya turubai, mwanamke mnene, anakula samaki kwa mikono miwili.

Alinitazama, akaacha kutafuna.

"Weye ni wa Mulenga. Ile paji ya uso ni yake."

"Ndiyo, mama. Mulenga ni baba yangu. Naitwa Chileshe."

Akacheka mpaka mwiba ukamkwama.

"Chileshe ni miye!"

Nikaketi juu ya gunia la chumvi.

"Shangazi... walikulilia. Siku tatu."

"Balinililia? Mufu anakulaka samaki?"

Alikuwa ameacha ndoa, akavuka mpaka na mwanamume mwingine. Basi.

Nikamwimbia wimbo. Kicheko kikamwisha.

Zamani, akasema, alikuwa mtumishi kwa bibi mmoja wa Kibelgiji. Mama alikuwa hospitali miezi mingi baada ya kunizaa, kwa hiyo shangazi alinilea hukohuko kazini. Yule bibi akitoka, shangazi alikaa kwenye piano, akanipakata.

"Mukono ya kuume inakushika, usianguke. Ya kushoto inapiga. Ni wimbo nilitunga miye, ya kukulalisha."

Kumbe kile kifua mgongoni mwangu kilikuwa chake.

Nilirudi nikamkuta baba barazani, anapaka viatu rangi.

"Baba, shangazi iko muzima."

Brashi haikusimama.

"Ninajua."

"Ulijua? Na ukaniambia mufu ananifuata?"

"Bantu bangeuliza alienda wapi, na mwanaume gani. Kilio ilikuwa rahisi kuliko aibu; na sasa wimbo yako ingefunua yote."

Sikuwahi kumpandishia baba sauti, na siku ile pia sikupandisha. Nilisema tu, "Nitapiga. Na yeye atakuja."

Jumamosi ya tamasha, saa tisa mchana, shangazi aliingia ukumbini na kitenge kipya. Mama Kabwe, binamu yake baba, akaruka kitini.

"Yesu! Miye nililia mpaka sauti ikakauka! Ulikuwa wapi?"

"Mu soko, dada. Nauzisha chumvi."

Watu wakacheka, wengine wakajivuta pembeni asiwaguse. Baba alitazama sakafu.

Nilipiga sonata yote. Mkono wa kushoto ulitulia kama mtoto aliyeshiba. Mgeni akanikubali, akaandika jina langu: Chileshe.

Nimepiga piano miaka mingi tangu siku ile, katika miji ambayo shangazi hakuweza hata kuitamka. Lakini yule wa nyuma yangu hakurudi tena. Mgongo ni baridi. Mnaweza kucheka, lakini natamani arudi.

Shangazi alikufa kweli mwaka 1981. Nilirudi nyumbani kwenye kilio chake. Baba alikaa kwenye mkeka, uso mikononi, watu wote wakimtazama. Alijaribu kulia, mabega yakatikisika. Chozi halikutoka. Alinong'ona, nami nilikuwa karibu nikasikia:

"Watafikiri tena ni uongo."

Ndugu wasomaji, kama kuna mtu wenu mliyemzika kwa sababu ya aibu, mtafuteni angali anakula samaki. Siku atakapokufa, mtahitaji machozi yenu yaaminike.