Jeni Iliyoitwa Chiriku

Majirani walimwita Mama Mende, ingawa mdudu aliyemshughulisha alikuwa mbawakawa. Mbawakawa si mende, lakini nenda wewe ukawaeleze! Kazi yake ilikuwa kusoma jeni za wadudu hao, aina kwa aina, apate kujua miili yao ilijifunzaje kupambana na maradhi tangu enzi na enzi. Macho yaliisha kwenye kompyuta.

Alikuwa na binti mmoja tu, maneno mengi kama redio, ndiyo maana wakamtania Chiriku. Homa ilimchukua mwaka ule ule alioanza shule. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi sina la kuongeza.

Baadaye akagundua jeni ya kinga ambayo haijapata kuonekana kwa mbawakawa yeyote. Katika kazi yao, anayegundua ndiye anayetoa jina. Hakufikiri mara mbili, akaiita Chiriku. Mama yake mzazi alipita nyumba hadi nyumba akitangaza: "Mjukuu wangu ameandikwa! Hafutiki tena!"

Makala ikiwa karibu kuchapishwa, akapima mbawakawa wengine kwa kujiridhisha tu. Chiriku hayumo. Akarudia: kwa huyu yumo, kwa yule hayumo. Jeni ile haikuwa ya mbawakawa hata kidogo. Ilikuwa ya kijinyoo kilichojificha tumboni mwa wale wa mwanzo, kikasagwa pamoja nao maabarani. Na kwa minyoo ilishajulikana zamani, watu wengine wameipa jina lao.

"Jifanye hamnazo," mwenzake wa meza ya pili alimnong'oneza. "Nani atakuja kuchokonoa?"

Pengine asingetokea mtu. Lakini jina la mwanawe likalie uongo? Hilo lilimshinda. Akapiga moyo konde, akalifuta jina hilo jedwali baada ya jedwali, akilia kwa sauti bila kujali nani anamsikia.

Jioni alimkuta mama yake jikoni, akamweleza yote. Mama akazima jiko, akavuta kigoda, akaketi.

"Hapakuwa na mtu mwingine wa kufuta?" aliuliza. "Mpaka wewe, mwanangu?"

"Mwenzangu aliponiona nalia alijitolea, mama. Nikamkatalia."

"Kwa nini?"

"Hakumjua. Sikutaka mgeni amguse."