Watu Wametosha

Kabla hajavaa koti jeupe, Veneranda alikuwa anasimama kwenye mkanda wa mashine kama wanawake wenzake, anachambua maparachichi, yaliyokwaruzwa huku, mazima kule, tangu asubuhi mpaka miguu ivimbe. Kiwanda kiko nje kidogo ya mji wa Iringa, na sakafu yake ya saruji ni baridi mwaka mzima. Mwezi wa sita ndiyo usiseme. Hakuna aliyemchagua kuwa kiongozi. Ila mtu akiamka na maumivu, Veneranda alishamwona tangu getini. "Tusekile, na huo mgongo wako, leo nenda kwenye stika," angesema, na Tusekile angehamia meza ya kubandika stika, kwa sababu pale mtu aliweza kuegemea. Kesho yake aliegemea mwingine. Hakuna aliyelalamika, na kazi ilikwenda.

Wakubwa wa kiwanda si wajinga. Waliliona hilo, wakampa koti jeupe na kofia ya wavu, wakamwita msimamizi wa zamu. Wanawake walimpigia vigelegele. Lea, rafiki na jirani yake wa Mlandege, alimletea jogoo mzima, akasema sasa na wao wamepata mtu wao huko juu.

Mtu wetu huko juu! Maneno hayo yamewaponza wengi, na bado tunayasema.

Msimu uliofuata, siku ya mzigo mkubwa, Anjela, binti mjamzito, alizimia akaanguka mbele ya mkanda. Lea alizima mashine kwa mkono wake mwenyewe. Anjela alipozinduka, wanawake walikaa chini kwenye saruji, wakasema hawainuki mpaka yaletwe mabenchi, watu wapumzike kwa zamu. Hawakudai kingine. Mabenchi tu.

Meneja, Sosthenes, hakufoka. Kijana mpole yule, anasalimia mpaka walinzi. Alimwita Veneranda ofisini, akamvutia kiti, akammiminia chai.

"Mama, mimi wakiniona wanaona kampuni. Wewe ni mwenzao. Lori liko nje linasubiri. Waambie waendelee na kazi, mabenchi yatakuja, na hakuna atakayefukuzwa."

"Kweli hakuna?"

"Nakuahidi, mama."

Veneranda alikwenda, akachutama mbele ya Lea, akamshika magoti. "Mama Mercy, inukeni. Hakuna atakayefukuzwa. Nawaahidi mimi."

Lea alimtazama usoni, muda mrefu. Kisha akasimama, akajipangusa vumbi, na wote wakasimama nyuma yake. Meneja hawakumwamini hata kidogo. Walimwamini Veneranda, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna.

Mabenchi hayakuja. Msimu uliisha, na ulipofunguliwa mwingine Sosthenes alimwambia awapigie simu vibarua wake kama kawaida, ila wale waliokaa sakafuni awaache kwanza. Alilisema hilo kwa upole uleule. Hapa mtu angependa kusimulia kwamba Veneranda alivua koti akaliweka mezani. Hakulivua. Shedrack, mwanawe, alikuwa chuoni Mbeya, na tusidanganyane, hata koti lenyewe alikuwa amelipenda. Alijiambia atawarudisha mmoja mmoja, kimyakimya, mambo yakipoa. Akawapigia wengine.

Lea alisubiri, akachoka kusubiri, akapiga mwenyewe.

"Kamwene, Mama Shedrack. Naona watu wanapita asubuhi kwenda kiwandani. Sisi je?"

Veneranda alikuwa dirishani kwake, na kutoka pale aliliona paa la nyumba ya Lea. "Watu wametosha, Mama Mercy," alisema. "Labda msimu ujao."

"Haya," Lea alijibu, akakata. Ile ahadi hakuitaja. Afadhali angemtukana.

Hakuna aliyerudishwa. Zamu ya Veneranda ilitulia kama maji ya mtungi: wageni hawajuani, kila mmoja anamwogopa wa pembeni yake. Kampuni ilifurahi mno, ikampeleka Mbeya kwenye semina ya uongozi. Huko, kwenye ukumbi wa hoteli, mwezeshaji mmoja mwenye suti alimsimamisha mbele ya watu.

"Huyu mama alimaliza mgomo bila kuita askari, bila kuandika barua ya onyo. Mnajua alitumia nini? Imani ya watu!"

Wakampigia makofi. Veneranda alitabasamu, akaomba kwenda msalani, akalia huko, bomba la maji amelifungulia ili asisikike.

Ndipo jirani mmoja alipompigia kutoka Mlandege: mama yake Anjela amefariki. Veneranda hakungoja cheti. Alipanda basi, na walipokuwa wakikatiza Usangu alinunua nusu gunia la mchele wa Rujewa, ule unaonukia. Njia nzima alikuwa akijipanga: atafika, atafunga khanga kiunoni, ataingia jikoni nyuma ya nyumba, atashika mwiko. Msibani watu hawaulizani mengi. Akipokelewa jikoni, basi amesamehewa, na asingetaka kingine chochote.

Alikuta turubai limeshafungwa. Wanawake walikuwa wamejaa mikekani wakiimba wimbo wa kanisani, na Anjela katikati yao, mtoto kifuani. Veneranda alipiga magoti akampa pole. Aliponyanyuka, Lea alikuwa amesimama mbele yake.

"Pole kwa safari, bosi."

Bosi. Miaka yote hiyo Lea alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Mchele ulipokelewa, akashukuriwa vizuri sana, kisha Lea akageukia vijana: "Mleteeni bosi kiti." Kikaja kiti cha plastiki, kikafutwa kwa kitambaa, kikawekwa upande wa wanaume, karibu na mchungaji. Wanawake wengine wote walikuwa chini.

Alikaa kidogo, akashindwa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akawakuta huko wote, mkanda wake wa zamani mzima, nyungo mapajani, wanachambua mchele wake. Lea alikuwa akigawa kazi.

"Tusekile, na huo mgongo wako, achana na kuni. Njoo kwenye mchele, ukae."

Veneranda alikuwa ameshafunga khanga kiunoni. "Mama Mercy," alisema, "nipe kazi na mimi. Hata ya kuchota maji."

Nyungo zilisimama. Lea alimtazama kama siku ile ya sakafuni, muda mrefu. Hakuwa na hasira. Hasira Veneranda angeipokea kwa mikono miwili.

"Watu wametosha, bosi," Lea alisema taratibu. "Karudi kwenye kiti."

Alirudi. Chakula kilipoiva alipakuliwa wa kwanza, sahani ya peke yake, na kijiko juu yake. Kule mikekani wenzake walizunguka masinia, wakala kwa mikono, wakisogeleana kumpisha kila aliyechelewa. Wali ulikuwa mzuri, unanukia mpaka barabarani. Veneranda aliumaliza wote, maana kubakiza chakula cha msiba ingekuwa dharau.