Kana za Mama Kule Mukuju

Wenzangu mliokulia upande wetu wa Tororo, nyinyi mnajua kiangazi cha kweli. Kule Mukuju, Januari ikiingia, vumbi lilifika mpaka kwenye chai, na mimi na dada yangu Athieno tukageuka punda wa mama. Kila jioni tulibeba jerikeni kutoka kwenye pampu kumwagilia kana zake, yale maua mekundu yenye majani mapana kama ya mgomba. Tulitandaza maganda ya karanga kwenye mashina ili unyevu usipotee. Hata maji tuliyooshea miguu hayakumwagwa ovyo. Sisi tulitakata, kana zikanywa.

Mwaka mmoja tulichoka. Mama akiwa sokoni Busia, Athieno alichukua panga, mimi nikashika majani, tukazifyeka zote hadi chini. Tukakubaliana kusema ni mbuzi.

Mama aliporudi aliinama, akapapasa vile vigutu. "Mbuzi gani huyu nakata na panga?" aliuliza taratibu.

Hakutuchapa. Alikaa chini, akatuambia mizizi ile aliichimba kwa marehemu mama yake, kijijini Bulumbi, wiki ya matanga. Ndicho kitu pekee alichorithi.

Sijawahi kutamani fimbo kama siku ile. Tangu hapo tulichota maji bila kutumwa, tukimwagilia udongo mtupu, majirani wakituuliza kama tumepanda vumbi. Siku moja Athieno aliapa ameona chipukizi. Lilikuwa gugu.

Mvua za Machi ziliponyesha, kila kigutu kikatoa machipukizi matano, sita. Kufikia Mei ua wetu ulikuwa mwekundu kuliko miaka yote. Mama alisimama mlangoni, akazitazama kana, akatutazama sisi.

"Kumbe zilikuwa zimezeeka," akasema. "Kiangazi kijacho mtafyeka tena. Mvua ikija mtachimba mizizi, mgawe, mmpelekee kila mama wa hapa."

Tulifanya hivyo hadi tulipoolewa, migongo ikituuma, naye mbele ya wageni akijisifu kwamba ufundi ule aliugundua mwenyewe. Nani angethubutu kumbishia?

Siku hizi binti yangu, hapa mjini Busia, ana maua ya plastiki mezani. Nikimletea mzizi, kwanza anaiuliza simu yake kama una wadudu. Yake hayataki maji wala samadi. Kiangazi anayapangusa vumbi. Masika anayapangusa vumbi.