Feni ya Obadiah Yapanda Mwanda

Siku Obadiah Mwakio alipostaafu na kurudi kwake Mwanda, kitanda chake kilipanda mlima nyuma ya pikapu kikinyeshewa, pamoja na meza, viti viwili na sufuria zote. Feni ndiyo iliyokaa mbele. Aliifunga blanketi, akaipakata, na kila gari lilipoingia shimoni aliinyanyua kidogo ili isitikisike.

Fridah, jirani yao, alikuwa akipalilia kabichi kando ya barabara. Aliona alichokiona, akaacha jembe papo hapo. Kabla pikapu haijamaliza kona mbili za mwisho, Mkamburi alikuwa keshapata habari kwamba mumewe anarudi na mtoto mchanga kutoka Voi.

Mkamburi hakupiga kelele. Mwanamke aliyebaki na shamba la matuta miaka ishirini na minane, mume akija mwisho wa mwezi na kuondoka Jumapili, huwa amekwisha kujiandaa moyoni kwa habari kama hiyo. Alichemsha maziwa, kwa kuwa mtoto hana kosa, akasimama mlangoni na kungoja. Obadiah alishuka, akalifungua blanketi polepole, na mapanga matatu yakatokea ndani ya wavu wa chuma.

"Hii ni nini, Baba Griffin?"

"Feni."

Mkamburi aliutazama ukungu uliokuwa ukiingia jikoni. Aliitazama sweta yake, na sweta nyingine aliyoivaa ndani yake. "Ya nini?" akauliza.

"Ya joto."

Tusimcheke mzee upesi. Obadiah alikuwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, na alipanga chumba kimoja cha mabati mjini Voi, na joto la Voi halina adabu. Linaingia bila hodi na halijui kuaga. Alipoamua kununua feni, alizunguka madukani Jumamosi mbili nzima. Kila feni aliomba iwashwe, kisha akafumba macho na kusikiliza, hata muuzaji mmoja akadhani mteja anasali. Wengine hununua feni kwa upepo. Obadiah aliinunua kwa sauti. Aliyoichagua ilikuwa na kasoro shingoni: ikigeuka kushoto ililia krr, krr. Muuzaji akataka kumbadilishia, Obadiah akakataa kabisa.

Kwa miaka kumi na miwili feni ile ndiyo iliyokuwa starehe yake. Wenzake walikwenda kutazama mpira. Yeye kila Jumamosi aliifungua skrubu moja moja, akaipiga mswaki panga kwa panga, akaifunga tena. Hakuwahi kuipandisha zaidi ya namba mbili, asije akaichosha. Thadeus, mwenzake wa stoo, alimuuliza akistaafu atafanya nini, atafuga mbuzi au atanunua bodaboda. "Nitalala na bibi yangu kila siku," Obadiah akasema, "kama watu wengine waliooa." Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Basi akalipata, kwa siku tatu. Siku ya kwanza, feni ikizunguka usiku kucha, Mkamburi aliongeza blanketi la pili. Siku ya pili akavaa kofia ya sufu. Siku ya tatu akavaa soksi, kofia na koti la kwenda mazishini. Siku ya nne akabeba blanketi zake hadi chumba cha Abigael, binti yao aliyeolewa Mboghoni, akafunga mlango.

"Afadhali ungeleta mtoto," alisema akiwa upande wa pili. "Mtoto ningemfunika."

Obadiah alijaribu kila njia. Aliishusha feni hadi namba moja. Aliigeuza ielekee ukutani. Upepo ukagonga ukuta na kurudi uvunguni. Akateremka Voi, akarudi na hita ya umeme, akamweleza Mkamburi kwa furaha kwamba sasa mashine moja itapoza na nyingine itapasha. Alipoziwasha zote mbili, nyumba nzima ikawa giza. Mkamburi alirudi chumba cha Abigael akipapasa ukuta.

Kuizima alijaribu pia, nyinyi msiseme hakujaribu. Lakini Mwanda ina kimya kinachosikika. Alimsikia ng'ombe akicheua zizini. Alisikia moyo wake mwenyewe, akaanza kuyahesabu mapigo, na alipokosea hesabu akaogopa. Asubuhi macho yalikuwa mekundu kama nyanya. Angemwambia nani? Mzee wa miaka sitini, mjukuu anaye, kisha anaogopa kimya. Mazoea yana taabu.

Mkamburi naye alikuwa na lake. Alilitoa siku moja wakimenya viazi. "Kama ni Voi unayoikumbuka, Baba Griffin, barabara ipo. Mimi nimezoea."

Maneno hayo yalimuuma Obadiah kuliko kama angetukanwa. Alimenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi.

Ikafika Agosti, maharagwe yakavunwa na kupurwa. Sasa yalitaka kupepetwa. Wanawake wa Mwanda husimama juu ya tuta, wakainua ungo na kumwaga, na upepo ukapeperusha makapi mbali. Mwaka huo ukungu ulikaa kitako na upepo ukasusa. Siku tatu Mkamburi alisimama pale na ungo wake, akipiga mluzi kuuita upepo kama mama yake alivyomfundisha. Haukuja. Maharagwe yalikuwa yakinyonya unyevu kwenye turubai, na siku mbili zaidi yangeota.

Obadiah alimtazama kutoka dirishani. Kisha akaitazama feni yake. Alijua vizuri makapi yatafanya nini ndani ya mota. Hakuna aliyeijua mota ile kama yeye. Alikaa kitandani kidogo, akainuka, akaunganisha waya hadi uani, akaiweka feni juu ya kigoda.

"Mwaga," akamwambia mkewe.

Akabonyeza namba tatu.

Makapi yaliruka yakavuka ua, yakamkuta Fridah aliyekuwa amekuja kuchungulia, akapiga chafya saba. Alipomaliza ya saba alikimbia kwake kuleta gunia. Kufikia saa tisa wanawake watano walikuwa kwenye foleni, wakibishana nani alitangulia. Feni ilianza kukohoa. Krr ikawa kwaruu, kisha shingo ikakwama, ikabaki imetazama upande mmoja. Obadiah akatoa mswaki mfukoni.

"Bado gunia moja la Fridah," Mkamburi akasema kwa upole.

Obadiah akaurudisha mswaki mfukoni. Gunia la Fridah likaisha, na feni nayo ikaisha.

Jioni hiyo Mkamburi alirudi chumbani na blanketi zake zote. Obadiah alifurahi mno, akanyoosha miguu, akafumba macho. Ng'ombe akaanza kucheua.

"Baba Griffin, mbona hulali?"

Hapo akaona heri aseme. "Ni kimya. Kinaniogopesha. Kule Voi chumbani nilikuwa peke yangu, na hiyo feni ilikuwa inasikika kama kuna mtu."

Mkamburi akamgeukia gizani. "Na ukaniambia ni joto."

"Hata joto lilikuwa."

Mkamburi akavuta blanketi hadi mabegani, akakohoa kidogo. "Haya. Ile wiki ya kwanza ulienda Voi, ule ng'ombe mwekundu alivunja boma akaingia kwa kabichi. Mimi niko na mimba ya Griffin, mvua inanyesha, na huyo Fridah amesimama kwa kabichi zake ananiangalia tu..."

Kabla ng'ombe hajatoka kwenye kabichi, Obadiah alikuwa akikoroma. Mkamburi hakukatiza. Aliendelea mpaka akamfikisha ng'ombe zizini.

Asubuhi mume akauliza, "Sasa huyo ng'ombe, alishikwa?"

"Ulilala."

"Basi rudia leo."

"Nirudie? Niko na miaka ishirini na minane ya kukuambia. Tukirudia rudia, tutakufa hata hatujafika siku Griffin alizaliwa. Na siku hiyo hukuwako."

 Jioni hiyo, saa kumi na mbili, kuku wakiwa bado uani, Obadiah alikuwa keshapanda kitandani, blanketi limefika kidevuni, akimngoja.